Apdeti ya kawaida inaleta programu tusizoomba. Mega zetu atalipa nani?

Wandugu, nimechoka kabisa. Niko Lubumbashi, kazi yetu ni sekretariati: kuchapa TFC (kazi za mwisho wa masomo) za wanafunzi, kuskani, kuprinti. Mashine zote ni za mitumba na zina Linux, diski ni ndogo. Leo nimeanza apdeti ya usalama, nikaona orodha ya vifurushi VIPYA (programu na sehemu zake) vitakavyowekwa. Vipya vya nini? Nimeomba vilivyomo virekebishwe, basi. Programu ya kutazama picha sasa inadai maktaba za video, yaani msimbo wa kuchezea video! Na mega za intaneti tunazinunua kwa pesa ya mfukoni.

Wengi hawajui kwamba amri mbili za kuapdeti, `apt upgrade` na `apt-get upgrade`, hazifanani. Ile ya `apt-get` haileti kifurushi ambacho hakimo kwenye mashine. Toleo jipya likidai kitegemezi kipya (kifurushi kingine linachokihitaji), inaliacha hadi useme mwenyewe. Hii ya `apt`, ambayo kila mwongozo unatufundisha, inavileta. Juu yake kuna Recommends, yaani vitu visivyo vya lazima, navyo huingia bila kuombwa. Halafu unaulizwa Y au n mbele ya majina ya lib-hiki lib-kile, bila neno moja la sababu. Sababu utaipata kwa `aptitude why`, na aptitude yenyewe mara nyingi haimo, uidaunilodi kwanza!

Msiniambie ni jambo dogo. Kwenye Ubuntu 20.04 ukiomba kivinjari cha Chromium kwa apt, unapewa kifurushi kitupu kinachovuta snapd, mfumo mwingine wa kuweka programu. Linux Mint 20 waliizuia snapd hiyo mwaka huohuo wa 2020, na walifanya vema. Tena Machi 2024 iligunduliwa hila ndani ya xz, programu ya kubana faili: OpenSSH, programu ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, yenyewe haihitaji liblzma, maktaba ya xz. Ni viraka (mabadiliko ya msimbo) vya distro, yaani aina za Linux, kama Debian na Fedora vilivyoiunganisha OpenSSH na libsystemd, maktaba ya mfumo wa kuendesha huduma, na libsystemd ikaja na liblzma yake. Aliyeficha msimbo mbaya alipitia hapohapo.

Kwenye mashine zetu nimeweka `APT::Install-Recommends "false";` kuzuia Recommends, lakini Depends, yaani vitegemezi vya lazima, haziguswi na hiyo. Watunza vifurushi, kila kitegemezi kipya kiandikiwe mstari mmoja wa sababu, palepale kwenye terminali, kabla ya kutuuliza Y. Mstari mmoja tu!

Na kama kuna mtu hapa Lubumbashi anaendesha apt-cacher-ng, seva inayohifadhi vifurushi ili mashine nyingine zivichukue hapo, aandike chini. Afadhali tuchange, tudaunilodi mara moja kwa wote.