Fuso inaenda Kigali masaa 13 inarudi masaa 15, nakosea wapi?

Mtoto wa Kirumba: Wakuu habari za jioni. Mi ndo naandika daftari la safari za fuso yetu ya sangara, Mwanza-Kigali, inapita Busisi, Geita mpaka Rusumo. Juzi imetoka huku saa 12 jioni ikafika Kigali saa 1 asubuhi, masaa 13. Kurudi imeondoka saa 11 jioni ikaingia Mwanza saa 2 asubuhi, masaa 15. Nimefukua safari za nyuma zote kurudi kunazidi, sasa bosi anasema dereva anachepuka njiani anataka amkate posho. Huyu mzee namjua, hana hiyo tabia, inaniuma sana. Halafu barafu tunapakia kwa kukadiria masaa, hesabu ikiwa ya uongo samaki wanaharibika.

Utingo wa Zamani: Mdogo wangu msimkate huyo mzee hata mia. Rwanda wako nyuma yetu saa moja. Nimepiga sana hiyo njia, ukishavuka mto Kagera pale mpakani Rusumo simu ikidaka tu mtandao wa kule saa inajirudisha yenyewe, ilikuwa saa 9 usiku unaona saa 8, na dereva anaandika anachokiona kwenye simu. Saa 1 aliyofika Kigali huku ilikuwa saa 2, kwahiyo kwenda ni 14. Saa 11 aliyoondoka kule huku ni saa 12, mpaka saa 2 asubuhi 14 tena. Barafu pakieni ya masaa 14, ile 13 inawaponza.

Dada wa Nyakato: Kama daftari liko kwenye Excel, ukitoa 18:00 kwenye 07:00 inakuletea #### maana safari imevuka usiku wa manane. A2 iwe saa ya kuondoka, B2 ya kufika. Kwenda weka =MOD(B2+1/24-A2,1), kurudi =MOD(B2-1/24-A2,1). Ila gari likilala njiani ikapita masaa 24 hiyo fomula inameza siku nzima, hapo lazima uandike na tarehe.

Mzee wa Gati: Kampala na Kisumu saa ni moja na sisi, UTC+3, yaani masaa 3 mbele ya UTC, ile saa ya kupimia ya dunia nzima. Rwanda na Burundi UTC+2. Mkianza kupeleka Ubelgiji angalieni, wale wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, tofauti mara saa 1 mara 2. Mi kila kitu nageuza UTC kwanza ndo natoa.

Mtoto wa Kirumba: Asanteni sana jamani. Nimerudia safari zote, kwenda na kurudi zinakaribiana kabisa. Asubuhi naingia kwa bosi na daftari kabla hajasaini posho.