Naomba ushauri: kutoa chembe nano za seleni ndani ya bakteria

Habari zenu wakuu. Wenye uzoefu wa maabara za mikrobiolojia, naomba mnisaidie.

Nakuza bakteria aitwaye Bacillus subtilis kwenye mchuzi (maji ya virutubisho vya kukuzia bakteria) wenye selenaiti ya sodiamu, yaani chumvi yenye seleni. Hatua hiyo haina shida: mchuzi unageuka mwekundu, dalili kwamba selenaiti imekuwa chembe nano (ndogo mno) za seleni. Kazi ni kuzitoa hizo chembe. Nyingi zimebaki ndani ya seli, na bakteria huyu ana ukuta mnene kwelikweli.

Nimejaribu lisozaimu (kimeng'enya kinachovunja ukuta wa bakteria), kisha mawimbi ya sauti, chupa ikiwa kwenye barafu. Seli zinapasuka, lakini DNA inayomwagika inafanya kila kitu kivutike kama mlenda, na nikizungusha kwenye sentrifuji vipande vya ukuta vinazama pamoja na chembe. Nikajaribu kuchemsha na hidroksidi ya sodiamu. Uchafu uliyeyuka vizuri (hapo nilifurahi kidogo), ila chembe ziligandana, nadhani kwa sababu ganda lao la protini liliondoka pia. Nyingine joto lilizigeuza kuwa za kijivu, na mimi nahitaji zile nyekundu.

Je, kuna aliyetumia oktanoli (kimiminika kisichochanganyika na maji) na maji kutenganisha chembe na mabaki ya seli? Uwiano gani ulikufaa, na oktanoli inayobaki uliiosha kwa kutumia nini?

Pia, kimeng'enya cha kukata DNA kitatosha, au lazima nitumie tabaka za maji ya sukari yenye uzito tofauti ili chembe na uchafu vitengane kwenye sentrifuji? Sentrifuji yetu ni ya mezani tu, haina kasi kubwa.