Wazazi wanaleta watoto Shule ya Jumapili, lakini hadithi haifiki nyumbani. Nifanyeje?

Mwalimu wa Mtaa (Kilolo, Iringa)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mimi ni mwalimu wa Shule ya Jumapili kwenye mtaa mmoja wa KKKT (Kanisa la Kilutheri) huku Kilolo, mwaka wa sita sasa. Kwenye daftari nina watoto 43. Mdogo ana miaka 4, mkubwa 12, na wote wanakaa chumba kimoja. Walimu tuko wawili, ila mwenzangu amejifungua mwezi uliopita, kwa hiyo kwa sasa niko peke yangu. Wale wa kipaimara wana mwinjilisti wao.

Kinachoniumiza ni hiki. Jumapili nasimulia, watoto wanaitikia, wanaimba, wanaondoka wamefurahi. Jumapili inayofuata nikiuliza tulijifunza nini, wananitazama tu. Juzi niliuliza ni nani aliyemwita Samweli usiku. Walikuwepo 31. Walionyosha mkono ni wanne, na watatu kati yao wanatoka nyumba moja, kwa bibi yao kule juu karibu na kisima. Kwa wengine wote hadithi iliishia mlangoni mwa kanisa.

Nimejaribu karatasi. Mwaka jana nilikuwa nakesha Ijumaa naandika kwa mkono: hadithi kwa ufupi, mstari wa kukariri, maswali matano, na mahali pa mzazi kusaini. Wiki ya kwanza zilirudi 9. Wiki ya tatu 2. Nikasimama kwenye matangazo nikasema kwa ukali kwamba wazazi hawajali. Baada ya ibada mama mmoja akanivuta nyuma ya kanisa, pale kwenye simtanki, akafungua Biblia yake. Karatasi zangu zote tatu zilikuwa humo, zimekunjwa vizuri. Akaniambia, "Mwalimu, sikuzitupa. Ila kusoma sijui." Tangu siku ile sijaandika karatasi tena, na yale maneno yangu ya kwenye matangazo yananirudia mpaka leo.

Halafu kuna la pili. Mwezi wa tano nilifundisha Ibrahimu na Isaka, pale Ibrahimu alipoambiwa amtoe mwanawe awe sadaka. Binti mmoja wa miaka 8 akauliza, "Mwalimu, mama yake Isaka aliambiwa?" Nikakosa jibu, nikasema tusimame tuombe. Kesho yake baba yake akamwita waende kukata kuni, akakataa katakata, akalia. Mnakumbuka kwamba Isaka ndiye aliyebebeshwa kuni. Mama yake alikuja kwangu amekasirika, na ana haki.

Sikukuu ya Mikaeli na Watoto inakuja mwezi wa tisa. Najua wazazi watashona nguo, watatoa hela ya soda na pilau. Hawajawahi kuninyima. Kwa hiyo siyo kwamba hawawapendi watoto wao. Nisaidieni, nitawaingizaje kwenye hadithi zenyewe?

Baba Wawili (Dodoma)

Ameni, mwalimu. Mimi si mwalimu, ni mzazi wa aina hiyo hiyo unayoisema, anayefikisha watoto mlangoni.

Nikueleze upande wetu. Karatasi ya kusaini ikitoka shuleni, mara nyingi ni mchango. Ikitoka kanisani, moyo unaanza kujiuliza ni ahadi gani tena. Ukija na maswali matano ya Biblia, ndiyo umenimaliza kabisa, maana mwanangu ataniuliza la sita ambalo silijui na nitaaibika mbele yake. Usidhani ni dharau. Ni woga. Mimi nina elimu ya kidato cha nne na bado naogopa kitabu cha Waamuzi.

Kama ungeniambia tu kwa mdomo, pale ninapomchukua, "Leo ni Samweli, mwambie akusimulie," ningeweza.

Mama wa Ziwani (Musoma Vijijini)

Mwalimu, pole na hongera. Mtu anayekesha kuandikia watoto wa wenzake karatasi kwa mkono, Mungu anamwona.

Umejijibu mwenyewe bila kujua. Rudi kwa wale watatu wa kwa bibi. Nenda ukakae kwenye mkeka wa yule bibi jioni moja, uone anafanya nini. Nina hakika hana karatasi. Paulo anapomwandikia Timotheo, kwenye 2 Timotheo 1:5, anamtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike kwa majina. Imani ya yule kijana ilianzia kwao.

Sisi ni Wamennonite, tuko mwaloni kabisa. Akina baba wa huku ni wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa hiyo Jumapili asubuhi baba anarudi amechoka, analala. Miaka mingi tuliwalaumu kwamba hawaji kanisani. Siku moja mzee wa kanisa ambaye naye alikuwa mvuvi akatuambia, "Waiteni wakati wa mbalamwezi." Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliki, wanaume wanakaa nyumbani wanashona nyavu. Tukapanga somo la Luka 5, Petro alipokesha akivua bila kupata kitu, liangukie wiki hiyo, tukamwomba baba mmoja aje na wavu wake. Hatukumwomba afundishe. Tulimwomba awaambie watoto ilivyo kukesha ziwani na kurudi mtumbwi mtupu.

Alikaa kwenye benchi, wavu magotini, akawaonyesha viganja vyake, kamba ilipomkata. Akasema ukirudi na kitu, unaosha wavu huku unaimba. Ukirudi mikono mitupu unauosha hivyo hivyo, lakini hakuna anayeongea na mwenzake, na unapita njia ya nyuma ili usiulizwe umepata nini. Kisha akasema jambo ambalo mimi, mwalimu wa miaka 14, sikuwahi kuliona: kuosha wavu maana yake kazi imekwisha. Petro alikuwa ameshaosha. Kuambiwa aushushe tena ziwani, mchana kweupe, baada ya usiku kama ule, mbele ya wavuvi wenzake, ni jambo gumu sana kwa mwanaume. Chumba kizima kilinyamaza. Mwanawe wa darasa la pili alikuwa anamtazama kama vile ndiyo anamwona mara ya kwanza. Hadithi hiyo hakuna mtoto aliyeisahau.

Kwa hiyo tunachofanya sasa ni hiki. Mtoto hatumwi na karatasi, anatumwa na swali. Pale mlangoni namnong'oneza kila mmoja swali moja la kumuuliza mama au baba au yeyote anayelala naye nyumba moja, na liwe swali ambalo mzazi analijua kutoka maisha yake. Somo la kondoo aliyepotea: "Mama, umewahi kupoteza kitu ukakitafuta mpaka usiku?" Somo la Yusufu: "Baba, wewe na ndugu zako mliwahi kukosana? Mlipatanaje?" Mzazi akishasimulia la kwake, mtoto ndiye anamsimulia la Biblia. Kusoma hakuhitajiki. Jumapili inayofuata naanza na majibu kabla ya kufungua Biblia, na hapo wanagombania kuongea.

Angalizo moja. Usiwaache watoto waseme mbele ya wenzao mambo ya ndani ya nyumba. Swali la Yusufu lilituletea ugomvi wa shamba uliokuwa bado haujaisha. Siku hizi nasikiliza kwanza mmoja mmoja.

Na huyo mama wa simtanki ndiye wa kuanza naye. Mpe somo ambalo analijua kuliko wewe.

Babu Mwalimu (Taita, Kenya)

Nawasalimu nyote. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na Sunday School ya Anglikana bado nafundisha.

Nitasema juu ya huyo msichana tu, maana mengine Mama wa Ziwani ameyamaliza.

Alikuuliza swali la kweli na Mwanzo 22 hailijibu. Sara hatajwi kabisa katika sura ile. Mwambie hivyo hivyo, "Biblia haisemi, na mimi pia nimewahi kujiuliza." Mtoto hatapoteza imani kwa kusikia mwalimu akisema hajui. Anachopoteza ni kule kuuliza, ukikimbilia maombi kila anapouliza.

Lakini jibu analolihitaji si lako. Ni la baba yake. Nenda kwao, umsalimu baba, umwombe radhi, kisha umwombe yeye mwenyewe asome au asimuliwe ile sehemu ya mwisho, malaika alipomzuia Ibrahimu na yule kondoo aliyenaswa pembe zake kichakani. Amwambie binti yake kwa kinywa chake, "Mimi sitakudhuru, na Mungu alimkataza Ibrahimu." Afadhali wakiwa wawili tu, njiani. Torati yenyewe inasema mambo haya yanenwe "utembeapo njiani".

Na siku zijazo, ukiwa na watoto wa miaka 4 ndani, hadithi kama hiyo waambie wazazi wiki moja kabla. Goliathi naye mwache aanguke tu. Upanga wa kumkata kichwa uache kwanza.

Mwalimu wa Mtaa (Kilolo, Iringa)

Narudi baada ya wiki saba. Shikamoo, babu. Nilikwenda kwa yule baba. Nilikuwa nimejiandaa kukaripiwa, lakini alinikalisha akaniletea ulanzi, pombe ya mianzi, nikamwambia situmii, akacheka akaleta chai. Hakujua kwamba binti alikataa kuni kwa sababu ya hadithi. Alidhani ni uvivu na alikuwa amemchapa. Alinyamaza muda mrefu. Sijui walichozungumza, ila Jumamosi ya juzi nimewaona wanateremka wote, binti mbele, kila mmoja na mzigo wake wa kuni.

Mama wa simtanki nilimpa Luka 15, yule mwanamke mwenye shilingi kumi. Watoto wangu shilingi moja hawaijui, kwao hata mia ni ya pipi. Yeye ndiye aliyewaeleza. Alisema, "Msifikirie pipi. Fikirieni kibarua cha siku nzima kwenye shamba la mtu." Kisha akawasimulia siku alipopoteza elfu kumi ya mbolea, giza limeingia. Aliwasha koroboi, akatoa vyombo vyote nje, akafagia mpaka chini ya vitanda, akaikuta imenata chini ya kinu. Alikuja na ufagio, akainama akafagia chumba chetu mbele yao huku anasimulia. Wadogo walimfuata nyuma wanaangalia sakafu. Alipofika "nimeipata!" waliruka wote, na yeye akalia.

Baba mmoja fundi seremala amenipimia safina kwenye uwanja wa shule kwa kamba ya katani: dhiraa 300, tukakadiria dhiraa moja ni sentimita 45, kwa hiyo mita 135. Kamba ilipita magoli yote mawili ikaingia kwenye mahindi ya mwalimu mkuu. Kina baba wengine bado. Wamekuja wawili tu, na huku hatuna mbalamwezi ya kutusaidia, ila baada ya kuvuna nitajaribu tena.

Jumapili iliyopita niliuliza kuhusu ile shilingi. Waliokuwepo 34, mikono 27. Wale saba nimewaandika, nitawatembelea nyumbani kwao kabla ya Mikaeli.

Kwenye matangazo nilisimama pia nikaomba msamaha kwa yale niliyosema mwaka jana.

Wiki hii ni zamu ya bibi wa kule kisimani, na somo ni Samweli tena. Ameniambia kiti hataki, nitandike mkeka, na watoto wamsogelee kwa sababu sauti yake haifiki mbali.