Fungu la noti za Biafra, Katanga, Ufaransa ya mapinduzi na "Mapinduzi ya Zanzibar": nikague nini kabla ya kulipa?

Mpekuzi_Upanga
Wakuu, habari za wakati huu. Nawauliza wanaozijua noti za serikali zilizozaliwa na mapinduzi au kujitenga, kisha zikafa mapema. Kuna fungu la noti sita linauzwa hapa Dar na muuzaji hataki kulivunja:

- Biafra (mashariki mwa Nigeria, ilipojitenga), pauni 1
- Katanga (jimbo lililojitenga na Kongo), faranga 100, ina picha ya kiongozi wake Tshombe
- Ufaransa, assignat (noti ya serikali ya mapinduzi) ya sols 50, imeandikwa 4 Januari 1792
- Urusi, rubli 40, kidogo sana, haina namba wala saini wala mwaka
- Rupia 1 ya koloni la Wajerumani hapa kwetu, 1915, imeandikwa Daressalam/Tabora
- Shilingi 20 yenye muhuri wa "Mapinduzi Zanzibar 1964"

Nibebe vifaa gani nikienda kuziona? Na nikinunua, nizitunze vipi? Nyumba iko karibu na bahari, masika ukuta unatoka jasho.

ChapaNaKaratasi
Mkuu, anza na hiyo ya mwisho, maana itakuonyesha unafanya biashara na mtu wa aina gani. Serikali ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari hadi Aprili 1964 haikutoa noti. Visiwani zilitumika shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na huku bara vilevile, mpaka Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa Juni 1966 na kutoa noti zake. Kilichogongwa "Jamhuri 1964" kilikuwa stempu za posta. Kwa hiyo hiyo shilingi 20 ama ni ya Bodi, ikagongwa muhuri juzi, ama ni kazi ya printa. Kama ni ya Bodi kweli, muhuri haukuiongezea thamani, umeipunguzia.

Vifaa ni vichache: lenzi ya kukuza mara 10, ile tochi ya miale ya zambarau ya kukagulia noti feki madukani, na rula ya milimita. Omba kukaa karibu na dirisha.

Lenzi kwanza. Tazama ukingo wa herufi. Noti zilizochapwa kwa herufi za chuma zina wino uliojikusanya pembeni mwa herufi, mstari umejaa, na mara nyingi nyuma ya karatasi unaona kivimbe kidogo palipobonyezwa. Nakala ya kompyuta inajifichua yenyewe: vidoti vya buluu, waridi, njano na nyeusi, hata mahali ambapo jicho linaona rangi moja.

Kisha tochi. Dawa za kung'arisha karatasi zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Assignat, rubli na rupia zote zinapaswa kufifia chini ya tochi, rangi ya maziwa yaliyochacha. Ikiwaka buluu-nyeupe kama shati jipya la shule, irudishe mezani. Angalizo: noti halisi iliyofuliwa kwa sabuni ya unga nayo inawaka, ila hiyo nayo huitaki, wino wake umeshachoka. Kwa Biafra na Katanga kipimo hiki hakikati kesi, zilichapwa wakati dawa hizo zimeshaenea.

Assignat: tarehe iliyoandikwa ni ya sheria iliyoruhusu noti, si siku ya kuchapwa, kwa hiyo zipo kwa maelfu zenye tarehe ileile. Inamishe kwenye mwanga wa pembeni utafute muhuri mkavu, ule uliobonyezwa bila wino. Karatasi ni ya matambara, laini lakini ngumu kuchanika. Zilichapwa nyingi kwenye karatasi moja kubwa kisha zikakatwa, kwa hiyo pambizo zikipishana si kasoro, na zikiwa sawa kabisa pande zote nne ndipo uongeze mashaka. Nyingi zina onyo kwamba anayeghushi atauawa na anayemfichua atazawadiwa. Onyo halikusaidia: mwaka 1795 Waingereza walichapa feki nyingi kuisambaratisha fedha ya Paris. Feki za wakati ule zina wanunuzi wake. Za printa hazina.

Assignat za thamani ndogo ni bei nafuu hata leo. Mwanzoni mwa 1796 zilizochapwa zilikuwa zimefika livre (fedha ya Ufaransa ya wakati huo) bilioni 45 hivi, na mitambo na mabamba ya kuchapia yakaharibiwa hadharani kwenye uwanja wa Place Vendôme, Paris, tarehe 19 Februari mwaka huo. Usikubali maneno ya "ina miaka 200". Umri peke yake hauuzi noti.

Rupia15
Nakazia hapo kwa hiyo ya Zanzibar.

Rubli 40 inaitwa kerenka, ya serikali ya muda ya Urusi ya 1917, ile ya waziri mkuu Kerensky. Ilitoka bila namba, saini wala mwaka, kwa hiyo hizo si kasoro. Tatizo ni kwamba Wabolsheviki walipochukua nchi waliendelea kuchapa zilezile, na kwa macho huwezi kuzitenganisha. Lipa bei ya kawaida, usilipie jina la Kerensky. Zilichapwa kwenye karatasi kubwa zisizokatwa, na karatasi nzima ndiyo yenye bei.

Rupia 1 ya 1915 si ya mapinduzi, mleta mada, ni ya vita, lakini ndiyo kichwa cha fungu hili. Meli za Uingereza zilifunga bahari, noti mpya hazikufika kutoka Ujerumani, benki ya koloni ikaanza kuchapa za muda hapahapa kuanzia Machi 1915. Dar es Salaam ilitekwa Septemba 1916 na Tabora mwezi huohuo. Zipo aina nyingi mno: tarehe tofauti, herufi za mfululizo, karatasi tofauti, saini tofauti. Ndiyo maana bei inategemea aina, si "Tabora" iliyoandikwa. Piga picha mbele na nyuma, soma tarehe kamili na herufi, ulinganishe na katalogi ya noti za dunia kwa namba ya Pick (namba ya kila aina ya noti humo) kabla ya kutaja bei. Kama saini ni ya mkono, chini ya lenzi wino umeingia kwenye nyuzi za karatasi na kalamu imeacha mkwaruzo hafifu.

Wengine watakuonyesha "noti za porini" za Julai 1917, zilizogongwa kwa mihuri ya mpira kikosi cha Wajerumani kikiwa safarini. Hizo ni rahisi mno kughushi. Bila hati ya mtaalamu, pita.

ChapaNaKaratasi
Katanga ilijitenga Julai 1960, ikaisha Januari 1963. Ya Tshombe ni sawa kuinunua. Za kuogopa ni noti za benki nyingine zilizogongwa jina la Katanga juu. Kipimo: tafuta mahali muhuri unapopita kwenye mkunjo. Noti ikigongwa ikiwa mpya, mkunjo unakuja baadaye na kupasua wino. Wino ukiwa umezama ndani ya mkunjo, muhuri ulikuja noti ikiwa imeshachakaa.

Biafra: benki yake ilitoa noti Januari 1968, baada ya Nigeria kubadilisha zake ili akiba iliyokuwa mashariki isitumike. Toleo la kwanza lilikuwa shilingi 5 na pauni 1, la pili likaongeza shilingi 10, pauni 5 na pauni 10. Hazina mwaka. Pauni 1 ya toleo la pili zipo tele, hivyo ichukue ikiwa haijawahi kukunjwa tu. Isiyo na namba isikutishe wala kukulaghai: ni karatasi ambazo hazikumaliziwa, si "kosa adimu". Kwa mkusanyaji wa hapa ina raha yake, Tanzania ndiyo nchi ya kwanza kuitambua Biafra, 13 Aprili 1968.

Mpekuzi_Upanga
Asanteni mno. Rupia ina selotepu ya zamani katikati, imegeuka kahawia. Niivute polepole?

BiMkubwa_wa_Albamu
Usiivute, kaka. Gundi imeshaingia kwenye nyuzi, utaondoka na uso wa noti. Usitie maji, saini na mihuri ya zamani inayeyuka. Usipige pasi, usitumie jiki, na usiipige laminesheni, huko hakuna kurudi. Iache hivyo na umpunguzie muuzaji bei vya kutosha.

Kutunza: adui wako Dar ni unyevu na plastiki mbaya. Albamu laini zenye harufu ya pazia la bafuni ni PVC, inatoa mafuta, noti inanata na kuharibika. Tafuta mifuko ya poliesta au polipropilini. Kwa boksi, nenda maduka ya vyombo Kariakoo, geuza chini uangalie pembetatu: namba 5 ni sawa, namba 3 acha. Chagua lenye mpira kwenye kifuniko.

Boksi la lita 5 weka gramu 50 za silika jeli (punje zinazonyonya unyevu) ya rangi ya chungwa pamoja na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikipanda juu ya 65 ukungu unaanza, ikishuka chini ya 30 karatasi inakauka na kuvunjika kwenye mikunjo, basi punguza silika. Ikigeuka kijani, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, ipoe ndani ya chupa iliyofungwa. Masika utafanya hivyo mara nyingi. Kabati la ukuta wa nje hapana, wala naftalini, inalainisha plastiki.

Fungua boksi siku kavu, si mvua ikinyesha.

Rupia15
Kwa bei: hesabu rupia yenye selotepu, Katanga na assignat. Biafra kama imekunjwa, rubli na hiyo ya Zanzibar zihesabie sifuri. Akikataa, mwambie abaki na Zanzibar yake, utachukua tano.