Nataka kwenda kuona sehemu halisi za anime (katuni za Kijapani) huko Japani, nianzie wapi?

kidoti_wa_tanga:
Habari zenu wadau. Mwezi wa sita naenda Tokyo kwa kozi ya kazini, ikiisha nitabaki na siku chache za kwangu. Tangu niangalie ile filamu ya anime Your Name nina hamu ya kusimama kwenye zile ngazi za mwishoni zenye vyuma vyekundu, halafu kuna geti la reli la ile anime ya mpira wa kikapu Slam Dunk, na ziwa la Itomori la humohumo kwenye Your Name, yaani nataka vyote. Aliyefika anisaidie, kipi kiko karibu na kipi ni safari kabisa? Na picha wanaruhusu?

mdau_wa_nagoya:
Dada karibu sana. Ngazi ziko hapohapo Tokyo, kwenye hekalu la Suga mtaa wa Yotsuya, shuka stesheni ya Yotsuya-sanchome utembee kama dakika kumi hivi. Ila ule ni mtaa wa watu, nyumba zimebanana huku na huku, unapiga picha yako huku mama wa watu anapanda na mfuko wa sokoni, so mpishe na usipige kelele.

Itomori yenyewe haipo, ni mji wa kubuni. Wengi wanaenda ziwa Suwa mkoani Nagano kwa sababu ukiliangalia toka juu pale Tateishi linafanana sana. Mimi kwa moyo wote nakwambia nenda Hida-Furukawa, mkoa wa Gifu. Ile stesheni anayoshuka Taki, yule kijana wa Your Name, ndo yenyewe, ukipanda daraja la juu ya reli unaona treni imesimama chini vilevile kama kwenye filamu, na maktaba anayotafutia habari za kimondo ni maktaba ya mji kweli, watu wanasoma humo. Picha wanaruhusu ila pita kaunta kwanza uombe, na usichukue sura za wasomaji. Kalale huko hata usiku mmoja, kwenda na kurudi siku hiyohiyo utaona vioo vya treni tu.

rukia_wa_254:
Geti la Slam Dunk liko Kamakurakokomae, ukitoka tu stesheni unaliona. Sisi tuliokua na ile anime ya miaka ya 90, kengele ikianza kulia, ile treni ya Enoden ya kijani na krimu ikapita na bahari nyuma yake, aki machozi yanakuja yenyewe. Lakini nisikilize vizuri, watu wanajazana hadi katikati ya barabara wakingoja treni, madereva wanapiga honi, wenyeji wamechoka hadi ikabidi wawekwe walinzi. Tafadhali wewe usiwe mmoja wao. Enda asubuhi mapema, simama kando, na ile shule iliyo karibu ni shule ya ukweli ina wanafunzi, usiingie. Toka Tokyo unafika Fujisawa au Kamakura kisha unadandia Enoden.

bi_shani:
Mwezi wa sita ni msimu wa mvua Tokyo na watu watakwambia umekosea tarehe, mi nasema umepatia! Nenda bustani ya Shinjuku Gyoen siku inanyesha, kiingilio yeni 500, tafuta kibanda cha kupumzikia upande wa bustani ya Kijapani, ndo kile cha The Garden of Words. Matone kwenye bwawa, majani yamelowa, huhitaji kuongeza chochote. Bia kama ya yule dada kwenye filamu hawaruhusu, na kawaida Jumatatu wanafunga.

Kama unapenda filamu ya Spirited Away, kuna makumbusho ya majengo ya zamani huko Koganei, Tokyo hiyohiyo. Ingia duka la vifaa vya kuandikia, ukuta mzima ni vidroo vidogovidogo toka chini mpaka juu, utamkumbuka babu Kamaji na mikono yake sita.

kidoti_wa_tanga:
Jamani asanteni mno. Basi Suwa naiacha, siku za Tokyo nazimalizia kwenye ngazi, bustani na hayo makumbusho, Kamakura naamka alfajiri, halafu nalala Furukawa. @mdau_wa_nagoya treni ni moja mpaka huko?

mdau_wa_nagoya:
Shinkansen, ile treni ya mwendo kasi, mpaka Nagoya, hapo unahamia treni inaitwa Hida, inafuata mto milimani muda mrefu, ni nzuri balaa. Angalia tu inaishia wapi maana nyingi zinakomea Takayama, ikiwa hivyo shuka usubiri ya kawaida, Furukawa ni robo saa tu toka hapo.