Jibu: Pango nafuu wilaya ya jirani, na shule je?

Wapendwa, habari za majukumu. Hapa Minnesota nimepata nyumba ya pango nafuu wilaya ya jirani, ila watu wananitisha kuwa shule za huko hazina pesa. Inakuwaje shule za serikali zizidiane pesa ndani ya jimbo moja?
Mama Imani

Mama Imani, shule za Marekani zilijengwa kwa kodi ya majengo ya mji wenyewe. Kuna wakati hiyo ilikuwa neema: kati ya 1910 na 1940 miji midogo, Iowa ikiwa mstari wa mbele, ilijitoza ikafungua sekondari, na wahitimu nchi nzima wakapanda kutoka takriban 9 hadi 50 katika kila vijana 100. Hao ndio walioshika ofisi, wakasoma michoro ya mashine, wakafunga umeme. Uchumi ukapaa nao.

Lakini mji wa nyumba duni hubaki na shule duni hata ukijikamua. Kule San Antonio, Texas, shule za Edgewood, wilaya maskini, zilikuwa na dola 356 kwa kila mtoto kwa mwaka, za Alamo Heights, wilaya tajiri, 594, na bado kiwango cha kodi cha Edgewood kilikuwa juu zaidi! Demetrio Rodriguez na wazazi wenzake walishtaki. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ikawakatalia kwa kura 5 dhidi ya 4. Inaniuma kila nikiisoma.

Minnesota ilishajirekebisha mwaka 1971, jimbo likaongeza mchango wake katika gharama za shule kutoka asilimia 43 hadi 65. Pengo lililobaki hutokana zaidi na tozo za ziada za shule ambazo wakazi wa kila wilaya huzipigia kura Novemba. Usikubali kuambiwa pesa hazina maana: utafiti wa mchumi Kirabo Jackson na wenzake, 2016, ulionyesha kuwa shule ikiongezewa pesa kwa asilimia 10 kwa miaka yote 12, mshahara wa mtoto ukubwani hupanda kama asilimia 7, na kwa watoto wa familia maskini zaidi ya hapo.

Hamia huko, dada. Sheria ya tangu 1988 inakuruhusu kumwandikisha mtoto shule ya wilaya nyingine usiyoishi bila ada. Wahi fomu kabla ya 15 Januari. Kumfikisha hadi mpaka wa wilaya hiyo ni juu yako.
Baba Tumaini

Naongezea: wenye uraia, hizo kura za tozo msiziache. Mpangaji naye huilipa kodi hiyo ndani ya pango.
Bi. Rehema