Baharia wa Chapwani ana jiwe lake. Mpagazi wa Rufiji je?

Ndugu zangu, naileta hoja hii tuijadili kwa heshima. Kila yakitajwa makaburi ya mabaharia wa Kiingereza kisiwani Chapwani, mkabala na mji wa Unguja, hujitokeza mtu akasema yaachwe yaote majani. Hao walikuwa wakoloni, anasema, tuwatunzie makaburi ya nini? Mwenzake hujibu kuwa maiti hana siasa, mambo yakaishia hapo. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao.

Kisa chenyewe ni cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, mitambo yake ikitengenezwa. Mizinga ya Pegasus haikufika pale adui alipokuwa. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na baadhi yao ndio waliozikwa Chapwani. Kisha Königsberg nayo, mashine zikiwa zimeharibika, ikajificha kwenye delta ya Rufiji, ndani ya mikoko ya Salale. Waingereza wakaizingira, na vijana wa Kijerumani wakakaa humo miezi na miezi wakiugua malaria. Julai 1915 zililetwa Severn na Mersey, meli zisizohitaji kina kirefu, zikaingia mtoni. Tarehe 6 zilishindwa, na mabaharia wa Mersey wakafia kwenye mzinga wao. Tarehe 11 zilirudi, ndege ikizielekeza shabaha kutoka juu. Mwishowe nahodha wa Königsberg, Max Looff, akaamuru meli yake ilipuliwe.

Nimefika Chapwani. Ukisoma majina yale unamfikiria mama aliyeletewa habari kwamba mwanawe amezikwa kwenye kisiwa asichowahi kukisikia. Kijana wa kuchochea makaa hakukaa kwenye kikao kilichogawana Afrika. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kaburi lake litunzwe. Anayetaka lisahaulike sioni anamkomoa nani.

Lakini turudi Rufiji, maana hapo ndipo panaponiuma. Mashine za Königsberg zilipoharibika, vipande vyake vizito vilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam vikatengenezwe, kisha vikakokotwa tena hadi mtoni. Waliovikokota ni watu wetu. Meli ilipokwisha kufa, mizinga yake 10 ilitolewa majini ikavutwa kwa kamba porini, ikazungushwa nchi nzima kwa vita vya nchi kavu. Waliovuta ni watu wetu pia, katika nchi ambayo miaka 10 tu nyuma ilikuwa imewaka Maji Maji, vita iliyoanzia milima ya Matumbi, kusini mwa mto huohuo. Mtu aliyeponea chupuchupu ile njaa ya baada ya Maji Maji ndiye aliyefungwa kamba ya mzinga wa Mjerumani.

Upande wa Mwingereza haukuwa na nafuu. Wapagazi waliokufa wakimtumikia wanakadiriwa kufika karibu 100,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Risasi iliua wachache. Depo yao Dar es Salaam ndiyo iliyoacha jina la Kariakoo, kutokana na Carrier Corps, jina la Kiingereza la kikosi chao. Tunashuka daladala pale kila siku.

Sasa nenda kwenye Sanamu ya Askari, hapohapo Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927. Maandishi yake ya Kiswahili yanawaita wapagazi mikono na miguu ya jeshi, tena yanaahidi kwamba hata wakifa, watoto wao watayakumbuka majina yao. Majina yapi? Izunguke sanamu nzima, hakuna hata moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Radhi nimeisikia. Jiwe sijaliona.

Najua hoja mbili zitakazokuja. Ya kwanza: wapagazi walitumikia wakoloni, kwa nini tuwaenzi? Wengi wao walikamatwa vijijini wakapewa mzigo. Kumuita mtu wa namna hiyo kibaraka ni kumwonea mara ya pili. Ya pili: majina yamepotea. Mengi, ndiyo. Si yote. Zipo orodha zilizobaki kwenye nyaraka, na wapo wazee wa Rufiji, Kilwa na Morogoro wanaojua babu gani alichukuliwa asirudi. Kila mwaka tunaokaa kimya tunawazika wazee hao na majina yao.

Ninachopendekeza ni ukuta Kariakoo, sokoni penyewe, wenye majina yatakayopatikana na nafasi tupu kwa yatakayokuja baadaye. Ukuta mwingine ujengwe Rufiji, na humo waandikwe wote waliofia mtoni, Mwingereza, Mjerumani na Mrufiji, kwa herufi za ukubwa mmoja.

Wewe unaonaje? Anayepinga kaburi la baharia aeleze. Anayeona ukuta ni gharama ya bure naye aeleze. Na kama nyumbani kwenu kuna babu aliyekwenda na mzigo asirudi, tafadhali anza kwa kuandika jina lake hapa.